Pua ya Kuazima

Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa uso wa Bwana Phadnis. Zilikuwa tundu za pua yake. Zilifunguka, zikasita, kisha zikajibana kama mlango wa mtu asiyetaka wageni.

Wiki jana mliniacha nyuma ya pazia la jikoni, trei mkononi. Kwenye meza namba nne alikuwa huyo Phadnis, yule mwandishi wa gazeti ambaye wenye migahawa wote wa mji wa Nashik wakimwona hunyoosha vitambaa vya meza. Alikuwa ameinua glasi yake. Mkaenda zenu mkijiuliza atasema nini.

Haya. Alisema hivi:

"Mvinyo huu umeoza."

Vijiko vikanyamaza ukumbi mzima. Ilikuwa Jumapili mchana, hakuna kiti kitupu, na pembeni yake amesimama Revati, mmimina mvinyo wetu, na chupa, sari yake ya pamba imenyooka utadhani imepigwa pasi ikiwa mwilini.

"Umeoza, bwana?" Revati aliuliza taratibu.

"Umeoza, umevunda, umekufa. Hebu mniambie ni lipi kati ya hayo ndilo mtindo siku hizi."

Nitawaambia ukweli, wasomaji. Moyo wangu ulicheka. Nilimwona Revati akimeza mate na nikasema moyoni, leo ni leo.

Lakini kabla Revati hajajibu, kiti kiliburuzwa upande wa ukutani. Meza ya tisa. Akainuka mwanamke mnene mwenye bangili za kijani hadi karibu na kiwiko, na glasi yake mkononi.

"Nani kaoza?" akauliza.

"Mama Ajinkya, kaa chini," mumewe alimvuta sari.

"Sikai! Wewe bwana wa miwani, mimi ni Suman Tidke wa Niphad. Zabibu zilizomo humo nimezipogoa kwa mikono hii. Mvua ya mawe imenyesha nikiwa ndani ya mizabibu, nimelia mle. Leo ni miaka thelathini ya ndoa yangu, nimekuja kunywa jasho langu kwa raha, wewe unaniambia limeoza?"

"Bibi, huenda chupa yako ni nyingine."

"Dada, chupa yangu ni ipi?" Bi Suman alimgeukia Revati.

"Ni hii hii," Revati alisema. "Nimewamiminia wote wawili kutoka chupa moja."

Ukumbi ukapasuka.

"Na mimi niliona kitu!" mama mmoja wa dirishani alisema. "Niliogopa kuonekana mshamba."

"Mimi nilidhani ndiyo ladha yenyewe," akasema mumewe, daktari wa meno. "Nimeshaisifu mara mbili."

"Wa kwetu ni asali!" mtu alipiga kelele upande wa ukutani. "Nyie wa dirishani mmezoea chai ya stesheni!"

"Na nyie mmekunywa hadi ulimi umelala!"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wiki nzima. Kitabu cha maoni pale mlangoni kilikuwa kama mume na mke waliokosana. Mimi niliacha shule darasa la nne, nasoma kwa kidole, lakini nilikuwa nimekisoma. Mmoja kaandika: mvinyo kama wimbo. Anayemfuata: mvinyo kama soksi iliyolowa. Mwingine: nyama safi, wali safi, kinywaji niliyapa maua yaliyokuwa mezani. Chini yake: sijawahi kunywa kitu kizuri hivi tangu nizaliwe.

Revati aligeuka kuelekea pazia.

"Shevanta, mletee bwana glasi nyingine, tafadhali."

Tafadhali! Hata neno hilo lilinichoma. Wengine wote huniambia "wewe", nami naelewa nafasi yangu. Yeye ananiambia tafadhali, na sina pa kumchukia ila ndani kwa ndani.

Sasa nisikilizeni, maana kuna jambo sikuwaambia wiki jana. Nisameheni. Niliona aibu.

Glasi za mgahawa wetu hukaa mahali pawili. Za upande wa ukutani huning'inia kwenye uchaga jikoni, zinapigwa na hewa. Za upande wa dirishani hukaa kwenye kabati la mbao za msaji la bibi yake Madam Karkhanis, mwenye mgahawa, lililoletwa mvua zilipoanza kutoka nyumba yao ya zamani. Anayezipanga humo ni mimi. Nikizifuta, nazilaza kifudifudi juu ya gazeti, moja moja, kama watoto.

Ndivyo mama alivyonifundisha. Kwetu chombo kisafi hulala kifudifudi. Ukikiacha wazi unamwalika mjusi.

Siku yake ya kwanza Revati alisema glasi zikae zikitazama juu. Nilimsikia. Nikasema moyoni, huyu kasoma mbali kiasi kwamba hajui mijusi.

Alhamisi, kabla ya Jumapili hiyo, nilifungua kabati nikanusa glasi moja. Gazeti lililonyonya unyevu wa miezi mitatu, mbao kuukuu, dawa ya nondo, vyote vimejifungia ndani ya tumbo la glasi. Nikaelewa papo hapo. Mvinyo ni mzima. Wa dirishani wanakunywa kabati.

Ningezitoa nizioshe kwa maji ya moto. Ni kazi ya nusu saa. Badala yake nilifunga kabati.

Kwa nini? Kwa sababu lawama zilikuwa zinamwendea Revati. Na kwa sababu ya Hemant.

Hemant ndiye mpishi wa makaa. Ana kovu la moto kwenye kidole gumba, na akicheka hutazama chini. Mwaka mzima, wali ukiiva, alikuwa akinikwangulia ukoko wa chini ya sufuria na kuniwekea kwenye kisahani, ananiambia, "Kula, mdogo wangu, kabla simba wa jikoni hawajaja." Nilikuwa nakula polepole ili kisahani kisiishe.

Tangu mwezi wa nane ukoko ulihama. Ulianza kwenda kwa Revati.

Nikaanza kuhesabu mambo. Chupa ikifunguliwa, Revati anaiingiza jikoni. Hemant anaacha makaa. Wanainamia chupa moja, vichwa vinagusana, Hemant ananong'ona sikioni mwake, Revati anaitikia kwa kichwa na kutoka akitabasamu. Kila chupa, kila siku, mbele ya masufuria yangu. Niwe nimetengenezwa kwa jiwe?

Basi, turudi Jumapili. Nilisimama kati ya uchaga na kabati. Wakati huohuo Revati aliingia haraka na ile chupa, akamfuata Hemant. Vichwa vikakutana. Hemant akanong'ona, akamshika bega.

Alimshika bega!

Mkono wangu ukaenda kabatini. Haukupotea njia. Niliona unakokwenda nikauachia. Nikachagua glasi ya nyuma kabisa, iliyokaa muda mrefu kuliko zote, nikaifuta nje ikang'aa kama jicho, nikaipeleka meza ya nne.

Revati alimimina. Bwana Phadnis akainua.

"Tena!" Akaisukuma hadi mvinyo ukaruka kitambaani. "Ni uleule! Mnanifanyia mzaha?"

Sasa akaja Madam Karkhanis. Huyu mama hapigi kelele. Akikasirika hutabasamu, na siku hiyo alitabasamu hadi nikaona meno ya nyuma.

"Bwana Phadnis, tuvumilie. Bi Suman, keti, mama yangu. Tunaye mtu wa kutuamulia." Akamgeukia Revati. "Binti yangu, wewe ndiye uliyevuka bahari kujifunza haya. Chukua glasi ya bwana. Nusa, uwaambie watu."

Revati aliishika glasi ile. Akafumba macho kama kawaida yake. Nilikuwa nazionea wivu hata kope zile.

Nikangoja ajue. Nilijua atajua. Mtoto angejua. Angesema "glasi hii ina uvundo", angetazama pazia, nami ningekuwa nimekwisha.

Akafumbua macho.

"Ni mzuri," alisema. "Zabibu mbivu. Pilipili manga kwa mbali. Hauna kasoro."

Sikuamini masikio yangu.

"Hebu!" Bi Suman alikuwa ameshavuka ukumbi. Alimpokonya glasi, akaingiza pua, akaitoa kama aliyeng'atwa. "Wee! Hili si sanduku la marehemu bibi yangu? Mwanangu, hata mbuzi angekataa hapa! Bwana wa miwani, nisamehe, una haki. Lakini siyo zabibu zangu hizi, naapa kwa mama!"

Watu walicheka. Kicheko kile kilimpiga Revati usoni, nikaona damu ikimwondoka.

"Nusa tena," Madam alisema.

"Nimenusa, Madam."

"Inanuka nini?"

Revati akaizungusha glasi mkononi.

"Nakuuliza, Revati. Inanuka nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sisikii harufu, Madam." Sauti yake ilikuwa ndogo kama yangu. "Tangu ile homa ya mwezi wa saba. Ua, moshi, mvinyo, kwangu vyote ni maji. Nilidhani itarudi. Kila asubuhi naamka nafikicha majani ya mlimau nayaweka puani. Haijarudi."

Hakuna aliyecheka sasa. Bwana Phadnis alivua miwani.

"Na hizi chupa zote unazotuambia hii nzuri, hii mbaya?" Madam aliuliza. "Unaota?"

"Namnusia mimi."

Hemant alikuwa ametoka jikoni, mikono ina majivu.

"Kila chupa inayofunguliwa naileta puani, namwambia sikioni ninachokisikia. Maneno mazuri ni yake, mimi sina. Ila pua ni yangu. Chupa ya leo nimeinusa, Madam. Ni nzima. Hiyo glasi sikuinusa, naletewa chupa tu."

Wasomaji, mmewahi kukanyaga ngazi ambayo haipo? Ndivyo nilivyoshuka.

Vichwa vilivyogusana. Minong'ono. Alikuwa anamwazima pua! Na ukoko? Niliuelewa ukoko palepale, bila kuambiwa. Mtu asiyesikia harufu hasikii ladha pia. Kilichobaki cha kumfurahisha mdomoni ni kitu kinachovunjika kwa mlio. Hemant alikuwa anamlisha mlio.

Miezi miwili nimelala na wivu kama na mgonjwa, nimeugeuza huku na huku, na chini yake hakukuwa na kitu. Au kilikuwepo? Maana mwanamume hamwazimii kila mtu pua yake. Hata katika dakika ile ya aibu, wivu uliinua kichwa ukauliza swali hilo. Nawaambia ukweli ulivyo.

"Weka ufunguo mezani," Madam alisema.

Revati alifungua ufunguo wa ghala la mvinyo kutoka kiunoni. Vidole vilimkosea fundo mara mbili. Sote tulijua maana yake. Mji huu una migahawa, lakini hakuna atakayempokea mmimina mvinyo asiye na pua, na Bwana Phadnis yuko palepale na kalamu mfukoni. Likishaandikwa gazetini kwake Jumatano, Revati hana kazi hapa wala kwingine.

Hilo ndilo nililokuwa nikiliomba tangu Alhamisi. Nilikuwa nimelipata lote, limewekwa mezani mbele yangu.

"Si mvinyo," nilisema.

Hakuna aliyenisikia. Mimi nikiongea, hata paka hageuki.

"Si mvinyo!" Nikatoka nyuma ya pazia. "Ni glasi!"

Vichwa vyote vikageuka. Nikachukua glasi mbili tupu, moja ya uchaga, moja ya kabati, nikazipeleka meza ya nne bila kutazama uso wa mtu.

Bwana Phadnis alinusa ya kwanza. Kitu hakuna. Akanusa ya pili, akarudisha kichwa nyuma.

"Binti huyu anasema kweli. Nimekuwa nikinywa fanicha."

Alimiminiwa kwenye ile ya uchaga. Akanusa, akaonja, akakaa nao mdomoni. Mabega yakashuka.

"Mh."

"Mh ndiyo nini?" Bi Suman alishika kiuno. "Sema kwa mdomo!"

"Ni mzuri."

"Kwa sauti! Umetutukana kwa sauti, tusifu kwa sauti!"

"Ni mzuri sana, Bi Suman! Mvua ya mawe na yote!"

Ukumbi ukapiga makofi. Wa dirishani wakaanza kudai glasi za ukutani. Daktari wa meno akasema yeye alijua tangu mwanzo, mkewe akamfinya.

"Nani alizipanga hizi kabatini?" Madam aliuliza.

"Mimi, Madam. Nilizilaza kifudifudi. Kwetu ndivyo vyombo hulazwa, ili mjusi asiingie."

"Na kwetu!" Bi Suman alidakia. "Chombo kikiwa wazi, mjusi anaoga humo! Mtoto kafunzwa vizuri na mama yake, msimguse!"

Nilisamehewa kabla sijaomba. Watu walinitazama kwa huruma, msichana wa shamba na mjusi wake. Ilikuwa rahisi hivyo.

Madam alinitazama zaidi ya wengine.

"Umegunduaje?"

"Nilinusa."

"Watu wanne wenye vyeti vya mvinyo wamepita humu wiki hii, hakuna aliyegundua. Wewe umenusa." Akachukua ufunguo mezani. "Nina mwenye cheti asiye na pua, na mwenye pua asiye na cheti. Cheti mtu hukitafuta, pua huzaliwa nayo. Kuanzia kesho, Shevanta, utasimama ukumbini. Utafundishwa maneno. Ghala la mvinyo ni lako."

Akaniwekea ufunguo kiganjani. Ulikuwa bado na joto la kiuno cha Revati.

Hemant alinitazama. Hakutazama chini safari hii. Alinitazama mimi, kwa mshangao, kama mtu aliyeishi na dirisha nyumbani akidhani ni ukuta. Mwaka mzima nilikuwa nimeungoja mtazamo huo.

"Revati, kachukue vitu vyako," Madam alisema bila kugeuka.

Revati alivua kitambaa cha begani, akakikunja mara nne. Alipopita mbele yangu akasimama. Nilidhani atanitemea mate. Ningefurahi angenitemea.

"Asante, Shevanta," alisema. "Bila wewe wangesema nimewapa watu uozo. Umeniokolea jina, na zabibu za yule mama. Ufunguo umekwenda panapostahili."

Akanigusa shavu. Kisha akaelekea mlangoni, na kila mtu akampisha.

Sikilizeni jinsi kimya kinavyobembeleza. Kiliniambia: umeshasema, inatosha. Umesema glasi, umesema kabati, umesema ni wewe uliyezipanga. Yaliyobaki nani ameyaona? Alhamisi hukuwa na shahidi. Glasi ya nyuma kabisa haina mdomo. Nyamaza. Umezoea kunyamaza tangu utoto, leo itakushindaje?

Hatua saba kufika mlangoni. Nilizihesabu. Ya tano, mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Dada Revati, usiondoke."

Akasimama. Madam akainua nyusi. Bwana Phadnis, aliyekuwa amekwisha kutoa kalamu, akaiacha hewani.

"Nilijua tangu Alhamisi," nilisema.

"Ulijua nini?" Madam akauliza.

"Glasi. Alhamisi nilifungua kabati, nikanusa, nikajua. Nikafunga. Nimezipeleka dirishani siku nne nikijua. Na ile ya pili ya bwana huyu sikuikosea, Madam. Niliichagua. Nilitafuta iliyooza kuliko zote."

Bi Suman aliketi polepole kwenye kiti kisicho chake.

Revati alinitazama tu, na nilijua sitamsikia tena akiniambia tafadhali.

"Kwa nini?" Madam hakutabasamu, na hapo ndipo niliogopa kweli.

Nikaurudisha ufunguo mezani.

"Wivu," nilisema.

"Wivu?" Alikuwa Hemant. Alisogea hadi nikasikia harufu ya makaa kwenye shati lake. "Huyu ni mgonjwa, Shevanta! Amekukosea nini Revati?"

Neno hilo nililibeba mwaka mzima. Sikuwahi kumwambia mama, wala kulitamka mbele ya kioo, wala kulinong'oneza sufuria nikiosha peke yangu. Ukumbi ulikuwa na watu sitini, na mwandishi wa gazeti katikati yao.

"Hajanikosea kitu," nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Nakupenda wewe, Hemant, na nilitaka aondoke."